Lulu Kiboriloni

Nilirudi Moshi na chumvi kwenye nywele
na lulu moja, imeviringwa ndani ya tiketi ya boti,
imepinda kidogo upande.

Mama alikuwa akichambua maharage,
yale meupe, ya kupeleka Kiboriloni.
"Na maharamia, uliwaona?"
"Walikufa zamani, mama. Makaburi yao
tunaonyeshwa kwa kiingilio."
"Basi hawajafa.
Na hii?"
"Bei ya beberu."
Akaguna. Akaigonga kwenye jino,

ikamponyoka.

Ungo mzima ukawa bahari.
Tulipiga mbizi kwa macho
mpaka umeme ukakatika.

Jumamosi gunia likauzwa.
Siku hizi nikisikia mtu Pasua
au Majengo kavunjika jino,
nauliza kwanza: alikula nini?