Jumamosi ya Gundi

Saa nane, Webuye inaoga mvua,
nami nimefuta meza ya kulia,
nimechemsha uji mzito wa ngano, bila sukari, bila maziwa.
Si wa kunywa. Ni gundi.

Kando ya sufuria nimepanga mali yangu:
pakiti ya unga, imekung'utwa vumbi lake la mwisho,
kalenda ya duka la mbolea, ya mwaka juzi, ng'ombe wa Aprili bado mzima,
bahasha za buluu,
na ule mtihani wa hesabu wa Sikhoya, alama kumi na tisa,
alioulaza chini ya godoro muhula mzima.
Wekundu wa mwalimu utakuwa kilemba cha jogoo.

Mkasi nimeuazima kwa Mama Nabwile, ni wa kushonea.
Usikatie karatasi, alisema, utaua makali.
Nikasema ndiyo.
Kwa hiyo nachana kwa mkono.

Baba alikuwa wa kiwandani, zamu ya usiku,
akirudi na harufu ile ambayo mji mzima uliivaa,
kabichi iliyosahauliwa jikoni.
Shuleni tuliicheka.
Siku ilipotoweka hakuna aliyecheka.

Yeye ndiye aliyeniambia: karatasi ni paka,
ina upande wa manyoya.
Ichane huku, inanyooka kama uzi wa mwashi;
ichane kule, inakugombeza, inapinda,
inakupeleka inakotaka yenyewe.
Alikuwa akisogeza kipande sikioni,
akikichana polepole, amefumba macho,
kama fundi anayetafuta stesheni.

Leo Nzoia nimeichana kwa manyoya, bahasha mbili, ikatulia.
Nabuyole nikaichana kinyume,
na kalenda ikafunguka tumbo, ikatoa nyuzi nyeupe
ukingoni kote:
povu, sikulitengeneza mimi.
Chetambe ni pakiti ya unga. Pale ubavuni
pamebaki maneno «kilo mbili». Sikuyafunika.
Mlima wa kilo mbili, naubeba kwa kidole kimoja.

(Nilikosa uaminifu mara moja tu:
jicho la ng'ombe. Jicho halichaniki.
Mama Nabwile asijue.)

Khaemba wa nyumba ya pili akaingia kujikinga mvua,
akasimama akidondosha maji mlangoni.
Utauza ngapi?
Siuzi.
Ni ya mashindano?
La.
Ya kanisa, basi.
La.
Akalishika jibu langu kama mtu aliyezidishiwa chenji,
hajui arudishe au anyamaze.
Kisha: mbona ng'ombe amesimama juu ya maporomoko?
Amependa mwenyewe.
Akavuta kiti. Muda mrefu mabati ndiyo yaliyozungumza.
Baadaye akapekua mfuko wa koti,
akatoa ganda la peremende, kijani, akalinyoosha kwa ukucha.
Jaribu hili, pale chini, penye upara.

Pakawa na nyasi.

Wiki nzima mimi ni karani wa wakulima wa miwa.
Naandika makato. Kila tarakimu ina mwenyewe
na kila mwenyewe ana hasira, na haki anayo.
Hapa mezani hakuna jumla.
Kipande kikikaa vibaya nakinyanyua kabla uji haujakauka,
nakisogeza, nakirudisha, nakisogeza,
na kuna mahali, sijui ni wapi,
ambapo mabega yangu hushuka bila kuambiwa.

Pembe ya juu kulia bado tupu.
Sikhoya anasema weka jua. Jua lipo kila mahali, nimemwambia,
ngoja tuone kitakachokuja.

Jumatatu, dirishani, nahesabu noti.
Mzee wa Misikhu ameegemea kaunta,
anafuatisha kila noti kwa midomo, haniamini hata kidogo.
Ghafla anaacha kuhesabu.
Mama, anasema, una kitu hapo.
Natazama: kwenye dole gumba, chini ya ngozi nyembamba ya gundi,
kipande cha buluu, kidogo kuliko punje ya wimbi.
Ni mto, namwambia.
Anakitazama tena.
Anzia mwanzo basi, anasema, nimepotea.