Mguu Ulioshuka

Alikuja mjane Hiramaya, baada ya tetemeko,
na sufuria ya shaba iliyobonyea
na bangili moja, ya mtoto.
"Nisubie Tara," akasema. "Awe mdogo.
Chumba nilichobakiwa nacho hakina rafu."

Jasaraja hakuuliza bangili ni ya nani.
Mwaka ule, hapa Yala, hakuna aliyeuliza.

Nilikanda nta na sandarusi, yeye akafinyanga:
mkono wa kushoto na bua la yungiyungi,
wa kulia juu ya goti, kiganja wazi,
kama wa mama anayegawa asijibakizie.
Mguu mmoja umekunjwa, umetulia katika ibada.
Wa pili umeshuka kitini,
vidole vinagusa ua dogo lililo chini.
"Huu mbona haukai?" nikauliza, mimi na domo langu.
"Kuna mtu analia," akasema.
"Aliyekunja yote miwili huchelewa kuinuka."

Tukamvika udongo: kwanza mlaini, wa samadi,
kisha mzito, wenye makapi ya mpunga.
Siku tisa juani. Kisha moto.
Nta ikatoka yote kwa tundu la chini,
na ndani ya udongo akabaki Tara
asiye kitu: uwazi wenye macho,
uwazi wenye mkufu na taji.
Jasaraja akaigonga kalibu, akatega sikio.
"Hapa ndipo alipo," akasema. "Shaba ni nguo tu."
Sikuelewa. Hata leo naelewa nusu.

Tulimsubu kichwa chini,
kama watoto wanavyozaliwa.
Sufuria ilikuwa imekwisha kuyeyuka.
Bangili ikasita kidogo juu ya ule uji mwekundu,
duara zima bado,
kisha haikuwepo.
Hiramaya alikuwa amegeukia ukuta.

Mgongoni lilibaki pengo, kosa langu:
niliachia mvukuto kabla ya wakati.
Nikaliziba kwa kiraka cha mraba, kipo,
mgeuzeni mtakiona.
Dhanasinha, ambaye zebaki ilikwisha kumla fizi,
akampandisha dhahabu huku amezuia pumzi.

Alipokabidhiwa, mjane hakutazama uso,
wala taji lililotugharimu siku kumi na moja.
Alipapasa ule mguu ulioshuka,
akauzungushia kucha za vidole viwili pale kifundoni,
kama mtu anayepima.

Jasaraja tumemchoma kando ya mto, mvua mbili zimepita.
Juzi Hiramaya amerudi, kamfunga Tara kwa kanga ya kichwa chake.
Kiti kimelegea, mchele wa sadaka umeingia hadi ndani ya petali.
Usoni bado anang'aa.
Kifundoni tu dhahabu imekwisha,
shaba imechomoza, nyekundu, laini, pete kamili.

Nikasema naweza kuirudishia.
"Acha," akasema. "Kaza kiti tu."