Dakika Nzima

Mafunzo yalikuwa siku tatu, ukumbi wa halmashauri,
chai ya rangi na maandazi mawili mawili.
Nilitoka na jambo moja:
mfunue mtoto kifua, usimwamshe, tazama saa,
hesabu kila kinapopanda. Dakika nzima. Usikisie.

Tangu hapo nimeshindwa kuacha.

Mbuzi wa mama Mbeleje, kivulini nyuma ya choo: ishirini na mbili.
Mbwa wetu, mchana wa Oktoba, ulimi nje kama kandambili:
nilifika mia na themanini, akanipotea.
Kuku anayeatamia hupumua hadi mkiani,
unapanda, unashuka,
kama mtu anayekubali jambo shingo upande.

Panzi hana pua. Nilimshika, nikamwinamia:
tumbo linavuta, linasukuma,
na ubavuni vitundu, vidogo kuliko ncha ya sindano.
Binti yangu akauliza, kwa hiyo ukimziba mdomo hafi?
Hafi, nikasema. Si kwa hilo.

Yangu siwezi kuihesabu.
Nikiiangalia tu inajirekebisha,
kama mwalimu aliyeona gari la mkaguzi.

Na kambale.
Mwezi wa tisa bwawa la Bahi linanywea,
maji yanabaki kama mchuzi uliosahauliwa sufuriani.
Wanapanda mmoja mmoja,
wanamega hewa, wanashuka nayo topeni.
Wavuvi wanajua. Wanasimama penye povu, ndoano mkononi.
Kinachomweka hai ndicho kinachomtaja.

Jana, saa nane ya usiku, Ndahani aligonga dirisha.
Mwanawe, miezi kumi.
Nikawasha tochi ya simu, nikafunua.
Hamsini na nane.
Chini ya mbavu panabonyea
kama kuna mkono ndani unaofinya ugali wa uwele.

Pikipiki ya Chilongani: yeye, Ndahani, mtoto, mimi mwishoni kabisa
nusu nimekalia chuma cha mizigo.
Vumbi. Khanga mbili juu ya kichwa kimoja kidogo.
Saa nisingeweza kuiona,
nikahesabu kwa mashimo ya barabara:
kutoka shimo hadi shimo, mara tano. Mara sita.
Mara moja sikusikia kitu,
na lile shimo lilikuwa refu.

Kituoni wakamtia mrija puani.
Ukutani, ndani ya kichupa, maji yakaanza kuchemka bila moto,
povu juu ya povu,
na mimi, badala ya kuomba Mungu,
nikawaona kambale.

Ndahani hakukaa. Alisimama penye povu
kama wavuvi, ila mikono mitupu.

Karibu na alfajiri: arobaini na sita.
Sikuwa na daftari. Nikaazima kalamu ya muuguzi,
nikaandika kiganjani.

Leo nimefua, nimekanda, nimeosha vyombo vya jana.
Nne imefutika.
Sita bado ipo.