Orodha ya Gryka

Bi Halszka, aliyeniuzia, alinitia karatasi mkononi:
"Moyo wake uko wazi hadi wiki ya kumi na sita.
Baada ya hapo unaanza kufunga komeo.
Mwonyeshe watu. Wa kila sura. Na soseji mfukoni."

Nikaibandika kwenye friji:
mwenye ndevu, mwenye mwavuli, mtoto anayekimbia,
mtu wa kofia pana, mtu wa sare,
tramu, ngazi za chuma, mlango unaojifungua wenyewe,
mzee mwenye mkongojo.

Gryka ana wiki tisa na masikio yasiyolingana,
moja limesimama, jingine bado linafikiri.
Nilimbeba ndani ya koti, utosi wake chini ya kidevu changu,
na Łódź ilikuwa imevaa theluji ya Februari,
ile iliyokwisha kuchafuka.

Ndevu tulizipata siku ya kwanza: mchonga funguo.
Aliinama mno, ananuka mafuta ya mashine,
Gryka akakojoa. Juu yangu, si juu yake.
Nikaweka alama ya vema.
Hofu nayo huhesabiwa, alisema Bi Halszka,
mradi usiivute kwa kamba.

Mwavuli ulifunguka pwaa! mbele ya duka la mikate.
Akaruka kinyumenyume, akaketi, akautazama
kama anayesubiri maelezo.
Mwenye mwavuli, binti aitwaye Jagna, hakucheka.
Aliulaza chini, kwenye matope,
akaweka kipande cha soseji juu ya kitambaa chekundu.
Dakika nne. Nilihesabu.
Pua ilifika kitambo kabla ya miguu.

Tramu tuliitazama kwa mbali, kisha kwa karibu,
kisha tukapanda, kituo kimoja tu,
tukashuka miguu ikitutetemeka, yote sita.
Mtawa alimkuna kidevu bila kuniomba ruhusa.
Mtu wa kofia pana alimwita "mheshimiwa".
Mtu wa sare alisema hapendi mbwa,
nikaandika pembeni, kwa wino mwingine:
si kila mgeni ana soseji.

Ikabaki mkongojo.

Katika jengo letu lote mkongojo ni mmoja.
Bwana Wieczorek, ghorofa ya pili, chini yangu.
Miaka kumi na mmoja hatusalimiani,
tangu bomba la bafu langu lilipopasuka usiku
maji yakapita darini kwake
yakaingia kwenye sanduku la picha za marehemu mkewe.
Rangi ya dari nililipa.
Picha sikulipa. Sikujua bei yake,
wala sikuuliza.

Kila jioni humsikia akipanda: ko, ko, nafasi, ko.
Gryka hunguruma mlangoni,
ngurumo ndogo kuliko ya birika.

Wiki ya kumi na tano, Alhamisi, nilishuka.
Nilikuwa nimeandaa neno la samahani,
nimelifanyia mazoezi mbele ya friji.
Mlango ulipofunguka nikasikia kinywa changu kikisema:
"Nahitaji mkongojo wako."

Alinitazama. Akamtazama Gryka.
"Kwa dakika ngapi?"

Akatoka, akaketi kwenye ngazi polepole,
akaulaza mkongojo kando yake, akageuza uso ukutani.
Mbwa hapendi kukodolewa macho, alisema,
na nani anapenda.
Jibini ilitetemeka katika vidole vyake,
Gryka akadhani kutetemeka ni mchezo,
akasogea, akalamba jibini, akalamba vidole,
kisha akautafuna mkongojo kwenye ncha ya mpira.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mimi nilisimama kwenye ngazi zile, mkono juu ya chuma baridi,
nisijue kati yetu watatu mwenyeji ni nani.

Hatukuzitaja picha.
Alipoinuka alishika bega langu, kwa kuwa mkongojo
ulikuwa bado mdomoni mwa mwenyewe mpya.
"Kesho," alisema, "nitavaa kofia."

Kofia ilikuwa na alama yake tangu wiki ya kumi na mbili.
Nilipanda juu, nikaifuta.