Meza Sita

Mwombaji: Mwamini Kabezya.
Shughuli: chakula.
Ombi: kuweka meza sita, viti ishirini na vinne,
nje ya nyumba ya udongo na mawe, Ujiji,
ndani ya mpaka wa eneo la kihistoria.
Mwandiko ni wa mwanawe, wa darasa la sita;
"kihistoria" ameiandika mara mbili,
ya kwanza akaifuta kwa mate.

Nikatumwa mimi na futi kamba.
Si mkubwa mimi. Ni yule anayeshika ncha ya pili
mhandisi anaposhika ncha yenye namba.
Siku hiyo mhandisi alikuwa na homa,
ncha ya pili nikampa mtoto.

Toka ukutani hadi mtaroni: mita tatu na robo.
Toka mlangoni hadi duka la mawese la Sudi Kilozi:
mita saba, na ugomvi wa miaka kumi na mmoja.
Sudi alikwisha kuandika pingamizi, kurasa tatu,
kwamba moshi wa migebuka utautia masizi mlango wa babu yake,
kwamba njia hii walipita watu wamefungwa minyororo,
si pa kuwekea soda.

Hapo nilinyamaza.
Neno lile lilikuwa la kweli, hata likisemwa na mtu
anayeanika madumu yake matupu njiani humo humo.
Mwamini naye hakubisha. Aliuliza tu,
"Hao waliopita, walikula wapi?"
Akarudi jikoni kugeuza samaki.

Kanuni zinasema: kisipigiliwe kitu.
Kisipakwe rangi ya kampuni ya simu.
Mwavuli usizidi kimo cha kizingiti.
Mwenda kwa miguu aachiwe mita moja na nusu.
Nikapima, nikatoa, nikajumlisha,
hesabu ikagoma penye baraza.
Baraza limejitokeza nusu mita ndani ya njia,
limekula haki ya mpita njia kabla bibi yangu hajazaliwa,
na aliyelijenga hakuomba kibali kwa mtu:
alitaka tu pa kukalia jua likipoa.
Sasa ni urithi. Halikaliwi.
Lina kibao.

Wiki tisa faili lilizunguka.
Lilikwenda Mambo ya Kale, likarudi na doa la chai.
Lilikwenda Afya, wakauliza choo.
Lilikwenda kwa mwanasheria, likalala,
na kila Alhamisi Mwamini alisimama dirishani petu,
kitenge kilekile cha kwenda ofisini,
risiti zake kwenye mfuko wa sukari,
akisema, "Nimepita tu."
Nimepita tu! Ujiji hadi Kigoma mjini,
nauli ya kuja, nauli ya kurudi,
na sufuria limeachwa kwa mtoto.

Jibu likatoka: meza nne.
Ziingizwe ndani ifikapo saa nne usiku.
Mbili zimekataliwa, za upande wa Sudi,
pasiwekwe hapo samani ya aina yoyote.
Nikampelekea mwenyewe. Akasoma kwa kidole,
akafika kwenye "samani", kidole kikasimama.
"Samani ni nini?"
Meza, nikasema. Kiti. Benchi. Kabati.
"Na jamvi?"

Nikafungua kanuni, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho,
nimeegemea ukuta usioruhusiwa kuegemewa.
Jamvi halimo.

Mwezi uliofuata nilirudi kukagua.
Meza nne, sawa. Mwavuli, chini ya kizingiti.
Upande wa Sudi, jamvi la ukindu,
juu yake sinia la ugali wa muhogo, migebuka miwili,
na Sudi Kilozi mwenyewe,
kandambili zake amezipanga pembezoni
kama mtu anayeheshimu mpaka,
akilalamika kwamba chumvi imezidi.

Nikatoa fomu. Hali ya eneo:
Upande uliokatazwa hauna samani.
Sehemu ya maoni ya mkaguzi nikaiacha wazi,
nikavua viatu.