Zizi la Waliopotea

Mama Pettengill ana funguo kumi na mbili kwenye kamba ya kiatu
na hakuna hata mmoja wenye alama.
Anaujaribu huu, anaujaribu ule kwenye mlango wa shule,
akiomba radhi kwa kila unaokataa,
nasi nyuma yake tumetia mikono mifukoni,
mimi, Atupele, na mzee mmoja mwenye kamera
aliyekuja, anasema, kwa ajili ya misumari tu.

Jumamosi ya pili ya Oktoba. Tarafa ya Corvin, Vermont:
watu mia nane, makaburi elfu mbili.
Darasani kwetu vuli ilikuwa neno la jografia,
mvua za pwani, za watu wengine.
Huku vuli ni majani, na yananyesha kweli,
yananyesha bila wingu,
mekundu kama pilipili iliyoanikwa juu ya bati,
na juu ya ngazi kijana anayachota kwenye mfereji wa paa
anayatupa chini, matetemate, paa!

Ufunguo wa tisa.

Ndani, chumba kimoja, jiko la chuma, madawati yaliyochanjwa visu.
Kila mtoto, anatueleza, alikuja na gogo lake la kuni.
Nasema: sisi pia. Na ndoo. Na samadi kila Jumatano.
Atupele anageuza macho; samadi ile ameibebeshwa
tangu akiwa na miaka minne.
Mama Pettengill ananitazama upya, kama aliyekosea darasa.
"Na baridi hii unaionaje?"
Mimi ni wa Makete, mama. Nimevunja barafu kwenye beseni
ili ninawe uso.

Kinu hakina paa. Jiwe la kusagia limelala kwenye majani,
kovu zake bado zinaonyesha unga ulipopita.
Mzee wa misumari amepiga magoti mbele ya bawaba:
kichwa kimefuliwa kwa nyundo, mapigo matano, anayahesabu kwa kidole,
kisha anaupiga picha kama mtu anayempiga picha mjukuu.

Njia inapanda. Alama za bluu kwenye magome.
Katikati ya msitu, ukuta wa mawe,
unatoka gizani, unaingia gizani, haulindi kitu.
"Hapa palikuwa malisho," anasema. "Kondoo mpaka kileleni.
Kisha wakasikia magharibi kuna udongo usio na mawe."
Hakurudi mtu?
"Miti ilirudi."
Sikumwambia kuhusu shamba la baba,
mipaina mitupu sasa, mistari iliyonyooka,
na shangazi yangu anayepotea akitafuta palipokuwa jikoni.

Halafu zizi. Mraba wa mawe unaofika kifuani, lango la mbao.
Mnyama akikutwa barabarani aliletwa hapa,
akala nyasi za tarafa
hadi mwenyewe aje na faini.
"Na mwenyewe asipokuja?" Atupele.
Mama Pettengill anafikiri. "Alinadiwa."
Kila Machi, mkutanoni, bado wanachagua mlinzi wa zizi.
Mwaka huu ni yeye. Mshahara dola moja,
hawajamlipa.

Binti yangu, miaka kumi na mitano, koti la kaka yake,
anaingia, anafunga lango, anatoa mlio wa ng'ombe
uliowainua kunguru wote wa Corvin.
"Baba, nilipie!"
Najipapasa. Tiketi ya maegesho. Robo dola.
Mama Pettengill anaipokea bila kucheka,
anatoa kalamu, anageuza ramani ya njia, anaandika:
*Kapokewa mmoja. Kaachiwa mmoja.*
"Jina la mwenye mali?"
Nalitaja. Anataka herufi moja moja.
Nazitamka polepole, majani yakimwangukia kwenye karatasi,
naye anayapuliza, anaendelea.

Kurudi chini hatukuzungumza sana.
Shule ilibidi ifungwe, na ufunguo wa tisa
ulikuwa umeshachanganyika na wenzake.

Risiti ninayo.
Nimeikunja mara nne, nyuma ya leseni ya udereva.