Hatujapima

Castro, Julai. Mvua ya hapa haijui Jumapili.
Nimeingia dukani kwa Ofelia Barrientos na maji begani
na pesa za kitabu kimoja, si viwili,
zilizobaki baada ya gundi na msasa.
"Mbao? Rafu ya chini, nyuma ya vitabu vya upishi."
Napiga magoti kama anayekagua sakafu ya mtu.

Sikufuata hekima. Nimefuata ngazi.
Ngazi ya zahanati ya Achao, vidato kumi na vinne,
niliyoipiga randa hadi ikateleza kama sabuni,
na baada ya miezi mitatu kidato cha tisa kikapasuka
kwa mlio, alisema muuguzi, kama bunduki ya kuwindia bata.
Mhandisi akaniuliza: unyevu ulikuwa asilimia ngapi?
Mti hauendi ila kwa nyenzo,
na nyenzo yangu ilikuwa kiganja. Nikamwonyesha.
Akaandika kitu. Hakunionyesha.

Cha kwanza ni kipya, kizito, jalada gumu.
Nakigonga kwa kifundo cha kidole, mazoea tu.
Ndani ni msonobari, na msonobari, na msonobari wa mashambani,
ulionyooka kama askari kwenye gwaride,
hauna fundo hata moja.
Kwetu mti hukua ukigombana na upepo.

Cha pili kina picha. Na picha zenyewe!
Kanisa letu la vigae vya mbao, limewakiwa na jua
(jua hilo walilingojea siku ngapi?)
na chini yake: joto, uhai, roho ya mti.
Ningempelekea mhandisi roho, pamoja na risiti.

Cha tatu pembe zake zimeliwa na panya,
sura ya unyevu imevimba kwa unyevu.
Hakina picha, ila michoro ya wino:
ubao uliokatwa kufuata pete za mti,
ubao uliokatwa kupita moyoni,
na mishale kuonyesha kila mmoja utapinda wapi.
Naufuata mshale. Naufuata tena.
Kidato cha tisa kiko pale, ukurasa wa themanini na nane,
kimechorwa kabla sijazaliwa.

Nao mlango wa jikoni kwetu uko pale,
ule ambao baba aliurandia kila majira ya baridi, akiutukana,
na kila kiangazi upepo ukapita pale alipopunguza.
Miaka ishirini na sita alipigana na mlango
uliokuwa unapumua tu.

Sasa faharasa. Natafuta tenio,
mti wangu, mwekundu kama chai iliyokolea.
Upo. Safu ya uzito: imejazwa. Safu ya nguvu: imejazwa.
Safu ya kusinyaa: tupu,
na chini, kwa herufi ndogo kama unga wa msumeno:
hatujapima.

Nakaa kabisa sakafuni.
Mtu huyu alikuwa na kalamu mkononi
na nafasi ya tarakimu mbili,
na katika kisiwa chote hakuna ambaye angemshika.
Akaiacha wazi.

"Hicho kina kurasa pungufu," anasema Ofelia. "Nitakupunguzia."
"Usinipunguzie," nasema,
kisha naikumbuka ile gundi. "Kiasi gani?"

Usiku, kipande cha tenio kilichokatwa juzi
nakipima upana, nakiweka kwenye mizani ya unga:
gramu mia nne na kumi na mbili.
Kinalala katika tanuri la mkate, moto mdogo.
Alfajiri, mia mbili sitini na nane.
Baada ya saa mbili, mia mbili sitini na nane.
Maji yamekwisha kusema yake.
Napima upana tena, nagawanya nyuma ya bili ya umeme,
na kwa penseli, pembeni mwa lile neno,
naandika tarakimu, na mbele yake: kipande kimoja tu.

Kimoja hakitoshi. Nakwenda kukata kumi na kimoja vingine.
Nyuma yangu shangazi amefungua tanuri,
anauliza ni nani aliyepika mti,
na mkate utaokwa lini.